Karatasi iliandika "hakuna": maoni yangu juu ya kipimo cha DPYD

Nawaandikia hasa ninyi mlioandikiwa kapesitabini kwa saratani ya utumbo, tumbo au matiti, na ninyi mnaomuuguza mtu aliyeandikiwa. Kwenye boksi utasoma "capecitabine". Hapa Uingereza, kabla hujameza kidonge cha kwanza, utatolewa damu kwa ajili ya kipimo kinachoitwa DPYD. Ni kipimo cha vinasaba. Kinatazama kama mwili wako una uwezo wa kuivunja dawa hiyo au utaiacha ikulundikie hadi ikuumize. Mimi nilipimwa Aprili 2022. Nina mazuri ya kukisemea na nina mabaya, na hayo mabaya yanatugusa sisi wenye asili ya Afrika kuliko wenzetu.

Mimi ni dereva wa basi, mzaliwa wa Tanga, niko huku tangu 2001. Nilikuwa na miaka 61 kile kiboksi cha kupima choo kilipoletwa nyumbani na posta. Kikakaa juu ya kabati wiki mbili, mpaka mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, ama ukifanye leo ama nikufanyie mimi." Nikafanya. Wakakuta damu, nikaingizwa kamera, wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana, Machi nikapasuliwa. Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya hapo daktari bingwa akasema nipewe dripu ya oksaliplatini kila baada ya wiki tatu, pamoja na vidonge vya kapesitabini siku kumi na nne mfululizo, kisha mapumziko ya siku saba. Mizunguko minne.

Tuanze na huduma yenyewe, maana hapo sina lawama. Damu ni kichupa kimoja, kile chenye kifuniko cha zambarau. Hufungi kula, hulipi chochote, hujazi fomu ndefu. Muuguzi alinieleza kwa kifupi kwamba kapesitabini ikifika mwilini inageuka kuwa dawa nyingine ya zamani, 5-FU, ile iliyotengenezwa na Charles Heidelberger na wenzake kule Marekani mwaka 1957. Ini lina kimeng'enya kinachoitwa DPD, na ndicho kinachoivunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo. Jeni la DPYD ndilo linaloagiza kimeng'enya hicho kitengenezwe. Una nakala mbili za jeni hilo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu unaanzishiwa nusu ya dozi. Zikiwa mbovu zote mbili, dawa hiyo hupewi kabisa, maana inaweza kukuua.

Shirika la dawa la Ulaya lilitoa mwongozo wa kipimo hiki Aprili 2020, na mamlaka ya dawa ya Uingereza ikafuata Oktoba mwaka huohuo. Mwongozo wa Ulaya unasema hadi watu 9 kati ya 100 wenye asili ya Kizungu wana DPD pungufu, na hadi nusu ya mmoja kati ya 100 hawana kabisa. Kabla ya hapo ilikuwa unapewa dozi kamili na kuombewa dua. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikipingi kipimo. Kila anayeandikiwa dawa hii apimwe, na kama hawajakupima, uliza kabla hujafungua boksi.

Majibu yalichukua siku sita. Niliyasikia kwa simu: "Habari njema, hakuna kilichoonekana, uko salama kuanza." Nilimshukuru Mungu. Mke wangu akapika pilau. Barua yenyewe ilikuja baadaye, nikaitia kwenye faili bila kuisoma.

Dozi yangu ilikuwa vidonge vitatu vikubwa vya miligramu 500 na viwili vidogo vya 150, asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula. Siku tano za kwanza nilisumbuliwa na ile dripu tu: nikigusa kitu cha baridi vidole vinachoma kama sindano, nikinywa maji ya friji koo linakaza. Hayo nilishaambiwa. Siku ya sita ulimi ukaanza kuuma. Siku ya saba mdomo mzima ulikuwa vidonda, nikawa nashindwa kumeza hata uji. Siku ya nane nikaanza kuharisha, mara tisa, mara kumi, nikaacha kuhesabu. Vidonge nikaviacha mwenyewe jioni ile.

Hapa nilikosea, na naomba msirudie kosa langu. Nilikuwa na kadi yenye namba ya simu ya saa ishirini na nne, na nilipewa kipimajoto. Sikupiga. Nilisema moyoni, wameshanipima, wamesema niko salama, basi haya ndiyo mateso ya kawaida ya dawa za saratani ambayo kila mtu husimulia. Nikakaa nyumbani siku tatu nikinywa maji ya chumvi na sukari. Mke wangu ndiye aliyeniwekea kipimajoto siku ya kumi na moja. Kikasoma 38.4. Akapiga yeye, nikachukuliwa.

Wodini wakakuta chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu zimebaki 0.3, wakati mtu mzima anatakiwa awe nazo karibu 2 au zaidi. Dada yangu mdogo ni muuguzi Dar es Salaam. Nilipomtumia picha ya karatasi ile alipiga simu papo hapo. "Kaka, hiyo sifuri nukta tatu umeiona vizuri? Uko chumba cha peke yako? Nani anaingia humo?" Akaomba aongee na mke wangu, nami nikasikia sauti yake inatetemeka. Yeye kazi yake ni kuona watu wanavyokufa kwa sifuri nukta tatu.

Nilikaa humo siku kumi na moja, kwa antibayotiki za mishipani na sindano za kuinua chembe nyeupe. Walinitunza kwa heshima. Lakini madaktari waliopita siku nne za kwanza walifungua kompyuta, wakasoma "DPYD: hakuna", wakaendelea na mengine. Waliniuliza kama natumia vitamini zenye asidi ya foliki (kumbukeni hili, asidi ya foliki huongeza sumu ya kapesitabini, msijinunulie vitamini kiholela mkiwa kwenye dawa hii), wakauliza dawa za miti shamba, wakafikiria vijidudu vya tumbo. Kimeng'enya hakuna aliyekitaja. Karatasi ilikuwa imeshajibu.

Siku ya tano akaja mfamasia wa wodi, binti wa Kenya, kwao Kisumu. Alikuwa anapitia dawa zangu akaona jina langu, akaacha Kiingereza.

"Mzee, hebu nikuulize. Wazazi wako wote ni wa Tanzania?"

"Wote wawili. Baba Mdigo, mama Msambaa."

Akageuza kompyuta ili nione. Kwa mara ya kwanza nikaisoma ile barua niliyoitia kwenye faili. Palikuwa na safu nne, kila moja jina la badiliko moja la jeni la DPYD: c.1905+1G>A, c.1679T>G, c.2846A>T, c.1236G>A. Mbele ya kila moja limeandikwa neno la kusema haikuonekana. Na chini, kwa herufi ndogo, sentensi moja: matokeo haya hayaondoi uwezekano wa upungufu wa DPD unaotokana na mabadiliko mengine.

"Haya manne," akasema, "yalichaguliwa kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwa Wazungu. Watu wetu wana lao. Hapa hata halikutafutwa."

Alichukua bahasha akanichorea ndoo yenye tundu chini. Maji yanayoingia juu ni vidonge, tundu ni DPD. Mtu mwenye tundu dogo, ukimmiminia kwa kasi ileile ya wenzake, ndoo inafurika. Akachora matundu manne madogo pembeni, akayawekea alama ya tiki, kisha akachora la tano akaliacha wazi. Bahasha ile ninayo mpaka leo.

Hilo la tano linaitwa c.557A>G. Nimelisoma sana tangu siku ile. Kwa watu wenye asili ya Afrika hubebwa na kati ya 3 na 5 katika kila 100, na kwa Wazungu karibu halipo. Watafiti wa Marekani waliopima damu za Wamarekani Weusi mwaka 2013 walikuta wanaolibeba wana nguvu ya DPD iliyopungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo si kwamba sisi tuna tatizo la DPD mara chache kuliko wao. Tuna badiliko la kwetu, na orodha iliandikwa bila sisi. Halikuwa siri, lilikuwa limeshachapishwa miaka tisa kabla mimi sijamezeshwa kidonge.

Niseme jambo linaloniuma zaidi ya vidonda. Ipo dawa ya kumwokoa mtu aliyezidiwa na 5-FU. Inaitwa uridini triasetati, ni chembechembe unazochanganya na chakula laini, iliidhinishwa Marekani Desemba 2015. Lakini lazima ianze ndani ya saa 96 tangu dozi ya mwisho. Mimi siku tatu nilizipoteza nyumbani kwa kuamini neno "salama". Nilipofika hospitali saa zilikuwa bado zipo, chache. Zikaishia wodini, kwa sababu neno "hakuna" lilikuwa kwenye kompyuta. Nilipona bila dawa hiyo, alhamdulillahi. Mwingine hatapona.

Daktari bingwa, mtu mstaarabu, hakujitetea. Alisema oksaliplatini nayo inachangia kushusha chembe nyeupe, kwa hiyo asingependa kulitwisha jeni mzigo wote kabla ya ushahidi. Nilimwelewa. Akakubaliana na mfamasia kwamba kabla ya mzunguko wa pili nipimwe kwa njia nyingine, na hapa ndipo napenda kuisifu huduma ambayo wengi hawaijui.

Kuna kipimo cha urasili kwenye damu. Urasili ni kitu cha kawaida mwilini ambacho nacho huvunjwa na DPD. Kimeng'enya kikiwa hafifu, urasili inapanda. Hakijali kabila lako, hakijali ni herufi gani ya jeni imebadilika, kinatazama kazi inavyofanyika. Ufaransa ndicho walichokichagua: tangu Desemba 2018 mamlaka zao za afya zilipendekeza kila mgonjwa apimwe urasili kabla ya 5-FU au kapesitabini. Ikifika nanogramu 16 kwa mililita unahesabiwa kuwa na upungufu, ikifika 150 huna kabisa na dawa hupewi.

Ubaya wake ni kwamba kinataka haraka. Damu ikikaa kwenye joto la chumba, urasili inaongezeka yenyewe ndani ya kichupa na majibu yanadanganya. Siku ile muuguzi alikuwa na bakuli la barafu mezani kabla hajanifunga mpira mkononi. Alichoma sindano, akajaza kichupa, akakizika kwenye barafu mpaka shingoni, akaandika saa na dakika kwenye lebo huku amesimama. Mhudumu alikuwa anasubiri mlangoni. Alikipokea akaondoka kwa hatua za mtu anayewahi treni. Nimewahi kutolewa damu mara nyingi maishani, sijawahi kuona damu yangu inaheshimiwa namna ile.

Majibu: 29. Baadaye maabara ikasoma jeni zima badala ya zile sehemu nne, ikakuta c.557A>G, nakala moja. Mzunguko wa pili nilianza na kidonge kimoja kikubwa na vidogo vitatu, karibu nusu ya dozi ya mwanzo. Ulimi uliwasha kidogo, viganja vikakauka na kupasuka kama vya mtu anayefua kila siku, nikavipaka mafuta ya urea waliyonipa. Nikamaliza mizunguko yote. Septemba 2022 nikarudi kazini, zamu fupi kwanza.

Dada yangu nilipomweleza yote haya alikaa kimya, kisha akanikumbusha efavirenzi. Kwa miaka mingi, kabla ya dolutegraviri kuingia, wagonjwa wa VVU Tanzania walipewa efavirenzi miligramu 600 sawasawa na Ulaya. Wapo waliokuja kliniki wakilalamika kizunguzungu na ndoto za kutisha, wengine wakidhani wamerogwa. Leo inajulikana kwamba badiliko la jeni la CYP2B6 linaloifanya dawa hiyo ikawie kutoka mwilini ni la kawaida zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. "Tuliwaambia wavumilie, kaka," akasema. "Mimi mwenyewe niliwaambia." Huko kwake, hospitali anayofanya kazi, anayeanza kapesitabini anaangaliwa kwa macho tu. Ndiyo maana alinitaka niandike, tena niandike kwa Kiswahili.

Basi maoni yangu ni haya. Kipimo cha vinasaba cha DPYD kama nilivyofanyiwa mimi nakipa nyota tatu kati ya tano. Ni bure, ni chepesi, na majibu yakisema "lipo" yanakuokoa. Nyota mbili nimezikata kwa ajili ya neno "hakuna" na jinsi lilivyotamkwa kwenye simu. Haikunipasa kuambiwa "uko salama". Ilipasa niambiwe, "Tumetafuta vitu vinne, hatukuviona, lakini hatukutafuta kile kinachopatikana zaidi kwa watu wa kwenu." Sentensi hiyo haina gharama. Ningeisikia, ningepiga simu siku ya sita.

Kipimo cha urasili nakipa nne. Ningekipa tano kama kingekuwa rahisi kupatikana. Mimi nilikipata kwa sababu binti mmoja wa Kisumu alilitambua jina langu.

Mambo yanasogea. Mwaka 2024 wataalamu wa Marekani na Ulaya walitoa pamoja orodha ya mabadiliko ya DPYD ambayo maabara zote zinashauriwa kuyatazama kwanza, na c.557A>G imo. Lakini orodha kuandikwa ni jambo moja, maabara ya mji wako kuifuata ni jambo lingine. Kwa hiyo ukipewa majibu, usiridhike na simu. Omba karatasi. Hesabu safu ni ngapi, na tafuta kwa kidole chako 557. Kama haipo, mwambie daktari, kwa adabu lakini usiondoke, kwamba asili yako ni Afrika na unaomba itafutwe, au upimwe urasili. Kama vyote havipo, uliza kama unaweza kuanza na dozi ya chini na kupandishwa ukiivumilia. Na namba ile ya saa ishirini na nne ibandike pale unapoweka vidonge, usiiweke kwenye faili. Vidonda vya mdomo na kuharisha katika siku za mwanzo za mzunguko wa kwanza ni sababu ya kupiga simu, hata usiku wa manane, hata kama karatasi inasema nini.

Jeni hili limetoka kwa baba au kwa mama, sitajua kwa yupi, wote wameshatangulia. Tumezaliwa saba. Kila ndugu yangu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nalo, na watoto wangu vilevile. Niliipiga picha barua ya maabara, nikazungushia duara nyekundu ile 557, nikaituma kwa wote sita pamoja na ujumbe wa sauti wa kueleza. Watano wamejibu. Kaka yetu wa Muheza hana simu ya picha, kwa hiyo mwanawe ameichapisha karatasi na kuibandika ndani ya daftari lake la kliniki.